Robo ya Pili ya Sponji

Kila baada ya wiki tatu nilikuwa nasimama stendi ya Lushoto kusubiri maji ya bahari. Yalikuja na basi la mchana kutoka Tanga, madumu manne ya lita ishirini yaliyofungwa kwa kamba ya katani, na konda aliyateremsha kwa uangalifu wa mtu anayekabidhi mzigo wa kichaa kwa kichaa mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Maji yako haya."

"Marahaba."

"Mzee, huku mna maji mpaka yanakatiza barabara. Yote hayo hayakutoshi?"

"Haya ni ya chumvi."

"Dukani chumvi imekwisha?"

Abiria walicheka. Na mimi nilicheka. Mtu mwenye shahada mbili na upara hujifunza kucheka mapema, ili ionekane kwamba mzaha alianza yeye. Halafu nilitafuta bodaboda, nikapanda kilima na bahari yangu, lita themanini, ikichapa ndani ya plastiki kila tulipokanyaga shimo.

Tangi lenyewe lilikuwa sebuleni, urefu wake kama kitanda cha mtoto, kati ya rafu ya vitabu na picha ya kipaimara changu. Ndani yake kulikuwa na mawe yaliyoota matumbawe laini ya zambarau, yenye vidole vinavyopunga polepole, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe: jike kubwa na dume dogo lililomfuata kila mahali. Vyote hivyo vilikuja na mke wangu tulipooana. Wanawake wengine huja na vyombo na magodoro. Yeye, binti wa mfanyakazi wa bandari, alikuja na kipande cha bahari alichokiokoa wakati nyumba moja ya wageni mjini Tanga ilipofungwa na mwenyewe akataka kumwaga kila kitu kwenye mtaro. Aliniambia hawezi kuishi mlimani bila kuwa na kitu kinachonuka kwao.

Nilidhani anatania. Kipupwe cha kwanza nilimkuta jioni amevaa sweta mbili na soksi zangu, amepiga magoti mbele ya kioo, amefumba macho, anavuta hewa ya juu ya maji. Sikumuuliza kitu. Nilikwenda kuongeza kuni.

Mwaka jana, baridi ilipokuwa inaanza, baba yake alipata kiharusi. Mke wangu alishuka kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, na mwezi ukaendelea mpaka nikaacha kuuita mwezi. Nilikuwa nateremka kuwaona, siku mbili, siku tatu. Nikifika, naketishwa sebuleni kama mgeni wa heshima, naletewa soda kwenye sinia, na huku nasikia nyayo za mke wangu chumbani akimgeuza baba yake kitandani. Baada ya siku ya pili nilikuwa naaga. Nilisema tangi haliwezi kukaa bila mtu. Kilikuwa kisingizio kizuri, kina umeme na viumbe hai ndani yake, na hakuna aliyekipinga.

Alikuwa ameniachia karatasi ya maelekezo, aliyoibandika kwenye mlango wa kabati chini ya tangi. Lisha kidogo, kila siku ya pili. Hita isishuke chini ya nyuzi ishirini na tano, maana baridi ya kwenu si ya viumbe. Maji yakipungua, ongeza maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye mstari, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Na mwisho, kwa wino mwekundu: Chujio usiliguse. Likikushinda, nipigie.

Lilinishinda kabla ya masika. Ndani ya kabati lile kulikuwa na tangi dogo la pili, na ndani yake tofali la sponji ambalo maji yote yalipita kabla ya kusukumwa tena juu. Sponji ile ilikuwa imezeeka kuliko ndoa yetu. Ilianza kumomonyoka, vipande vikawa vinaziba pampu, na pampu ikatoa sauti ya mzee anayekohoa kanisani. Nilipiga simu.

"Sponji imeoza," nilimwambia. "Ina uteute wa kahawia. Niitupe niweke mpya?"

"Halafu samaki uwapeleke wapi?"

"Wabaki humo humo."

"Sikiliza, mtu wa milimani. Samaki wanajisaidia kwenye maji yale yale wanayoyavuta. Ile ni sumu. Huo uteute unaouona ndio unaoila. Ni bakteria, wamekaa humo miaka. Ukiitoa sponji yote kwa mkupuo, umewavunjia nyumba wao, na samaki utawaua siku ya tatu."

"Mimi nimesoma fasihi."

"Ndiyo maana nakueleza polepole."

Alituma kwa basi mfuko wa wavu wenye pete ndogo nyeupe za kauri, mamia, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Nilitakiwa kuziweka kando ya sponji kuukuu na kukaa wiki sita bila kufanya kitu, ili bakteria wahamie humo wenyewe kwa hiari yao. Baada ya hapo niikate sponji vipande vinne. Nitoe robo, nisubiri wiki mbili, nipime maji, kisha robo nyingine, mpaka iishe. Kila robo nitakayoitoa nisiitupe. Niiweke kwenye ndoo ya maji ya tangi yenye pampu ndogo ya hewa, na chembe ya chakula, endapo mambo yataharibika. Na chochote cha humo ndani nisikioshe kwa maji ya bomba hata siku moja. Kikihitaji kuoshwa, kioshwe kwa maji ya tangi lenyewe.

"Yote hayo yatachukua muda gani?"

"Kama miezi mitatu. Mpaka umalize, dada atakuwa amepata likizo yake ndefu huko Mwanza. Atakuja kukaa na baba. Nitapanda."

Kati ya maelezo yote ya siku ile, neno nililolishika vizuri ni hilo la mwisho. Tangu hapo sikuwa tena mtu anayebadilisha chujio. Nilikuwa nahesabu siku za mke wangu kurudi, na kalenda yangu ilikuwa sponji.

Wiki sita zile zilikuwa nzuri kwa namna ya ajabu. Alipiga simu karibu kila jioni kuuliza habari za pete.

"Zimebadilika rangi?"

"Zimekuwa kama meno ya mvuta kiko."

"Vizuri sana!"

Sijawahi kusikia mtu akisifu meno ya namna hiyo kwa furaha vile. Kisha tulikuwa tunakaa kimya, kila mmoja na simu yake sikioni. Kwake nilisikia kunguru, na redio ya jirani. Sijui yeye alisikia nini kwangu.

"Kuna baridi?"

"Ukungu umeingia mpaka jikoni."

"Umevaa sweta?"

"Nimevaa yako."

Mama yangu aliishi nasi, ndani ya nyumba hiyo hiyo. Ni mama wa Kishambaa aliyezaliwa juu huko karibu na Magamba, na kwake dunia ina maji ya aina mbili: ya chemchemi inayotoka msituni, na mengine. Jumamosi ilikuwa siku ya kusugua. Huku kwetu sufuria husuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka nje kung'ae kuliko ndani, zikaanikwa uani midomo chini, na mwanamke anayepita njiani husoma nyumba kwa sufuria zake. Kitu kilichobadilika rangi ni aibu, na aibu haitakiwi kuikuta Jumapili. Samaki wale mama aliwaita wageni. Alishangaa kwamba hatuwali, lakini aliwaheshimu kwa ajili ya mkwe wake, aliyempenda kuliko alivyonipenda mimi, na sikuona kosa katika hilo.

Wiki sita zilipotimia nilikata sponji kwa kisu cha mkate. Robo ya kwanza niliiweka kwenye ndoo, nikaiwashia hewa. Nilipima maji kwa chupa ndogo na matone aliyoniachia: yakigeuka njano ni salama, yakigeuka kijani kuna sumu. Yalikuwa njano. Nilimpigia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Na yeye akanipa habari njema zaidi: dada yake huenda akapata likizo mapema. Huenda yeye mwenyewe akapanda mwisho wa mwezi.

Zilibaki wiki tatu kufika mwisho wa mwezi, na wiki sita kumaliza sponji. Hesabu hiyo hata mtu wa fasihi anaiweza. Nilitaka afike akute kazi imekwisha, sponji kuukuu haipo, maji yanang'aa, mume wake amesimama kando kama mhandisi. Siku ya nne baada ya robo ya kwanza, nilikata robo ya pili. Nilipima. Njano. Nilijiambia kwamba tahadhari zile za wiki mbili zimewekwa kwa ajili ya watu wasio makini. Mke wangu sikumwambia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa binamu yangu, kule Magamba, nikachaguliwa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nilirudi saa kumi. Mama alikuwa amekaa kibarazani, na mbele yake, juu ya ungo, pete zote za kauri zimeanikwa juani. Nyeupe, nyeupe kuliko siku zilipotoka Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula huko?"

"Nimekula. Mama, hizi ni nini?"

"Si zile za mkwe wangu? Zilikuwa zimeoza, wewe upo tu unaangalia. Aje akute hivyo? Aseme mama yako hana mikono? Nimezisugua moja moja. Brashi ya viatu imekwisha meno."

"Umetumia maji gani?"

Aliniangalia kama nimemtukana. "Ya chemchemi. Kitu cha mkwe wangu ningekiosha kwa maji ya bomba?"

Alikuwa ameanza asubuhi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi ya yale maji, na alikuwa anasubiri kitu kimoja tu. Nikampa.

"Ahsante sana, mama. Zimetakata."

Nilizirudisha kwenye kabati zikiwa tupu, kila kitu kilichokuwa kimehamia humo kwa wiki sita kimekufa kwa usafi na jua. Ningekuwa nimefuata maelekezo, tangi lingekuwa na robo tatu za sponji za kulibeba. Lilikuwa na nusu, na nusu hiyo yenyewe inamomonyoka. Robo mbili nilizozitoa zilikuwepo kwenye ndoo, hatua tatu kutoka niliposimama. Sikuzirudisha. Kuzirudisha kulikuwa na maana ya kuanza kuhesabu upya. Nilifanya kile tunachofanya wasomi tukishikwa na hofu: nilijiambia tusubiri tuone.

Tuliona Jumapili, tuliporudi kutoka ibadani. Jike lilikuwa juu kabisa, linatweta kwenye uso wa maji. Dume lilikuwa limelala ubavu mchangani, mapezi yanatikisika. Matumbawe yalikuwa yamekunja vidole vyote. Nilipima, na maji yakawa kijani cha kisamvu.

Nilirudisha zile robo mbili nikiwa bado nimevaa tai. Nilichota maji ya tangi kwa ndoo, nikamimina maji ya bahari niliyoyahifadhi, dumu moja, kisha la pili, baada ya kuyapasha moto yafike nyuzi zinazotakiwa. Mama alisimama mlangoni na kitambaa chake cha kanisani bado kichwani.

"Wageni wana nini?"

Hapo ndipo nilipomweleza. Nilimweleza uteute ni nini, nani anakaa ndani yake, na wanakula nini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Kwa hiyo ule uchafu ulikuwa na kazi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimeuosha."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia? Miezi yote hii nakuona umeinama humo. Yule konda wa basi anajua habari za samaki hawa. Mimi ninayekaa nao, sijui."

Nilitazama karatasi ya maelekezo. Ilikuwa imebandikwa usawa wa macho ya mtu aliyechutama na ambaye macho yake hayahitaji miwani. Ni kweli kwamba stendi nzima nilishaieleza. Mama yangu sikumweleza, kwa sababu sikudhani kwamba ni jambo linalomhusu.

Dume lilikufa Jumatatu asubuhi. Jike lilipona. Lilizunguka mawe mara nyingi siku ile, linasimama, linageuka nyuma, halafu linaendelea.

Nilimpigia mke wangu mchana, simu nikiwa nimeiwekea sauti kubwa kwa sababu mama alitaka naye awepo. Walisalimiana kwanza, shikamoo na marahaba, hali ya mgonjwa, hali ya mahindi. Kisha nikasema.

"Tumepoteza dume. Mama aliosha pete."

"Pole mama. Usijali, mama, ulitaka kunisaidia." Halafu sauti ikabadilika, ikawa ile ya kunisemesha mimi. "Na sponji je? Robo tatu zilitosha kuwabeba siku chache. Ulitoa lini robo ya pili?"

Kuna maswali ambayo mtu ukiulizwa unajua kwamba muulizaji ameolewa nawe.

"Siku ya nne."

"Siku ya nne."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Ulisema nikimaliza utapanda."

Kunguru wa Tanga walilia kwa zamu. Nilimsikia akivuta pumzi, akaanza kusema, akaacha, akaanza tena.

"Dada hapati likizo," alisema. "Wamemwambia juzi. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Baba jina langu amelisahau, lakini akizinduka ananitafuta kwa ule mkono mmoja, anapapasa godoro mpaka anipate. Siwezi kupanda. Sijui lini nitaweza." Kisha, polepole, kama siku ile ya kwanza: "Rudisha kila kitu ndani. Pete zianze upya. Wiki sita. Usiguse kitu."

Tulipokata simu nilikaa nikitazama tangi. Wiki sita za kutogusa kitu. Nilijua kazi hiyo, ni taaluma yangu. Mama alikuwa bado kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Wiki sita hakiguswi kitu?"

"Hakiguswi, mama."

"Kulisha?"

"Chembe kidogo, kila siku ya pili."

"Na nimeona yale maji hupungua."

"Yakipungua unaongeza yasiyo na chumvi, mpaka kwenye mstari huu."

"Ya chemchemi?"

Nilifikiri kidogo. Ilikuwa hivyo hasa. "Ya chemchemi, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa ofisi yake. "Basi nenda."

"Wapi?"

"Anauliza wapi! Mwaka mzima unasimama stendi kusubiri madumu kana kwamba bahari haina njia. Yule mzee ana upande mmoja tu, anahitaji mtu wa kumgeuza. Mkeo ana mgongo wa chuma? Wewe kazi yako ni kukaa na kuandika. Huko hakuna viti?"

"Na tangi?"

"Mimi nitakaa na hao wadudu wako. Nimewaua, nitawalea."

Kisingizio changu kilikuwa kimepata mtu wa kukiangalia. Nilisubiri wiki moja, nikapima kila siku, mpaka maji yakawa njano siku nne mfululizo. Nilimwandikia mama karatasi nyingine kwa herufi kubwa na kuibandika usawa wa macho yake. Kisha nikabeba madumu manne matupu mpaka stendi.

"Shikamoo mzee," alisema konda. "Leo unashuka nayo mwenyewe?"

"Marahaba. Nakwenda kuchota."

"Hatimaye! Na mimi nipumzike mgongo."

Basi lilishuka kona baada ya kona, na kila kona hewa ikawa nzito zaidi. Mombo, milima ilipoishia, nilivua sweta ya mke wangu nikaikunja magotini.

Hii ni wiki ya tano ya pete, nami niko Tanga. Siketishwi tena sebuleni. Siku ya kwanza nilimgeuza mkwe wangu kwa nguvu zangu zote, mara moja, akaguna kwa maumivu, na mke wangu akaniwekea mkono begani. "Bega kwanza," alisema. "Msubiri. Halafu kiuno. Msubiri tena." Sasa naweza. Mzee akipapasa godoro huwa anaupata mkono wangu, anaushika, anagundua si wenyewe, na siku nyingine hauachi.

Joto la hapa silipatii jina. Sina nguo hata moja inayolifaa. Jana mchana mke wangu alinikuta jikoni nimesimama mbele ya jokofu lililo wazi, nimefumba macho. Hakuniuliza kitu. Alisogeza mtungi wa maji nyuma, ili baridi inifikie vizuri.

Mama hupiga simu kila jioni, baada ya kuweka sufuria zake uani. Anasalimia, anamuulizia mgonjwa, halafu anatoa taarifa ya kazi, kwa sauti ya mtu anayejizuia kwa bidii.

"Yuko hai," anasema. "Pete zinaanza kuwa mbaya. Sijaosha kitu."